Swali la Nani?

Barua za rufaa zilikuwa na msimu wake kama maembe. Mwanzoni mwa mwaka, shule za msingi zilipokuwa zikijiandaa kusajili watahiniwa wa mtihani wao wa mwisho, KCPE, zilimiminika ofisini kwetu zikiwa na mihuri mizito, na nyingi ziliandikwa kana kwamba zimenakiliwa kutoka barua moja: mwanafunzi huyu hafundishiki, tunaomba apimwe na ahamishiwe shule maalumu. Kufika katikati ya mwaka zilipungua na sauti yake ililegea. Mtoto aliyekuwa hafundishiki Januari, sasa alikuwa "mpole lakini mzito kidogo." Nilizoea kutazama tarehe kabla ya kusoma jina. Nilizoea pia kufungua kwanza zile chache zilizoandikwa kwa mkono na mwalimu wa darasa, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, kwa kuwa huyo alikuwa amekaa na mtoto akamtazama.

Nilikuwa mmoja wa walimu wa vituo vya tathmini, vile vilivyoanza kufunguliwa nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa taasisi ya elimu maalumu, KISE, pale Kasarani, Nairobi, na huko ndiko wengi wetu tulikosomea kazi hii. Hatukuwa wanasaikolojia. Tulikuwa walimu wa chaki tuliosomea elimu maalumu, tukapewa chumba, kabati na wilaya nzima. Kabatini mlikuwa na mashine ya kupimia masikio, chati ya macho yenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku kwa ajili ya wasiojua kusoma, vibao vya rangi, shanga, kadi za picha na rundo la fomu. Wazazi walisema wamemleta mtoto "apimwe akili." Sikuwa na haja ya kuwasahihisha. Mama aliyepanda matatu mbili na mtoto mgongoni hakuja kusikiliza mhadhara.

Kilichokuwa nyuma ya barua za Januari kilijulikana na kila mtu. KCPE, tangu ilipoanza mwaka 1985 hadi darasa la mwisho lililoifanya mwaka 2023, ndiyo iliyokuwa mizani ya shule. Alama za watahiniwa wote zilijumlishwa, zikagawanywa, na wastani huo, "mini" kama tulivyozoea kuuita, ukatajwa kwenye mkutano wa wazazi na kukumbukwa mwaka mzima. Katika shule ndogo ya watahiniwa ishirini, mtoto mmoja anayepata alama themanini kati ya mia tano anaiteremsha mini kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa hiyo mwalimu mkuu hakuwa anauliza, "Mtoto huyu ana shida gani?" Alikuwa anauliza, "Naweza kumtoa?" Simlaumu sana, naye alikuwa na wakubwa wake wa kumhoji. Lakini tathmini ina tabia moja ambayo sikuambiwa chuoni: hujibu swali la aliyeiagiza. Ukiletewa swali la kumtoa mtoto, basi fomu zako, vifaa vyako, hata uchovu wako wa saa nane mchana, vyote huanza kukusaidia kumtoa.

Kinga dhidi ya tabia hiyo niliipata kwa mwenzangu aliyenitangulia kituoni, mama mwenye maneno machache. Hakumruhusu mtu yeyote aguse kadi za picha kabla masikio na macho ya mtoto hayajapimwa, na kabla mtoto mwenyewe hajaulizwa amekula nini tangu jana. Nilidhani ni utaratibu wa ofisi tu. Kisha akaletwa mvulana wa Darasa la Tatu ambaye barua yake ilisema ni mkaidi na huenda ana mtindio wa ubongo. Sikio la kushoto lilikuwa na pamba. Tulipoitoa, chumba kizima kilinuka. Sikio la usaha ni jambo la kila siku kwa watoto wetu. Huanza na mafua, usaha hutoboa kiwambo, na mama huambiwa litakauka mtoto akikua. Mashine ilionyesha kwamba sikio hilo halipati mazungumzo ya kawaida, na lile la pili linasikia nusunusu. Mtoto mwenyewe alikuwa akikaa nyuma kabisa, katika darasa la watoto zaidi ya themanini. Alikuwa amejifundisha kufanya wanachofanya wenzake, muda mfupi baada yao: wakisimama anasimama, wakifungua kitabu anafungua. Kule kuchelewa ndiko kulikoitwa ukaidi.

Tulimwandikia rufaa ya hospitali, na mistari mitatu kwa mwalimu: akae mbele, sikio lake la kulia likuelekee, umtazame usoni kabla ya kusema. Mwalimu mkuu alisoma, akageuza karatasi kutazama upande wa pili. "Ni haya tu, Mwalimu?" Alikuwa ametarajia barua ya uhamisho.

Mwingine alikuwa msichana mdogo wa darasa la chini, aliyeanza shule vizuri kisha akaporomoka. Shule ilisema anaota mchana. Bibi yake alisema ana pepo mpole, asiyeangusha. Nilikwenda darasani kwake, nikakaa nyuma, nisipime chochote. Nilishika saa tu. Katikati ya kuandika, kalamu ilisimama, macho yakabaki pale pale, kope zikapepesa, na baada ya sekunde chache akaendelea na neno alilokuwa ameliacha, bila kujua kwamba kuna kitu kilikatika. Ikatokea tena, na tena, asubuhi ile ile. Si kila kifafa kinaangusha mtu na kumtoa povu. Kipo hiki cha kuzubaa, kinachonyemelea katikati ya somo na kuiba sentensi moja hapa na moja pale, mpaka hesabu yote inakosa mwanzo na mwisho. Kina dawa, na dawa hiyo huwasaidia wengi. Hakuna kadi ya picha ambayo ingemwonyesha. Kadi zingeniambia tu kwamba umakini wake ni hafifu, nami ningeandika hivyo, na ingekuwa kweli isiyomfaa mtu.

Bibi yule hakuwa mbali sana, nikilifikiria. Aliona kwamba kitu kinakuja na kuondoka, jambo ambalo shule haikuliona.

Huku Pwani tuna sababu zaidi ya kuuliza habari za nyuma. Watafiti wa Kilifi wameandika kwa miaka mingi jinsi malaria kali inayopanda kichwani inavyoweza kumwacha mtoto aliyepona na kifafa, au na upungufu wa lugha, kumbukumbu na umakini unaojitokeza baadaye, akishaanza shule. Kwa hiyo swali la kama mtoto aliwahi kupata degedege likahamia juu kabisa ya fomu zangu. Mama wengi hawalitaji mpaka uwaulize. Kwao jambo hilo lilikwisha: mtoto alilazwa, akashukuriwa Mungu, akarudi nyumbani anatembea.

Ndipo sasa tunafika kwenye kupima akili yenyewe, na hapo mambo hayakuwa mepesi, kwa sababu vipimo hivi vimesafiri mbali. Cha kwanza kilitengenezwa Paris na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon mwaka 1905, baada ya serikali ya Ufaransa kuunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto wasioweza kufuata masomo ya kawaida na wanaohitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Binet hakuliamini neno la mwalimu peke yake. Alijua kwamba mwalimu aliyechoka anaweza kumtaja mtoto msumbufu kuwa mpungufu ili apumzike naye. Kwa maneno mengine, alikuwa amezisoma barua zangu za Januari miaka themanini kabla hazijaandikwa, na kipimo chake kilikuwa ngao ya mtoto dhidi ya barua hizo. Wala hakukubali kwamba akili ni kiasi alichozaliwa nacho mtu, kisichoongezeka. Lakini kipimo kilipovuka bahari kwenda Marekani, Henry Goddard wa Vineland, New Jersey, alikigeuza kuwa ushahidi wa urithi wa damu, na baadaye kikatumiwa kwa wahamiaji walioteremka melini pale Ellis Island, wachovu, wasiojua lugha wanayoulizwa. Ngao ikawa barua.

Nilipokuwa nikimkalisha mtoto wa Ganze au Magarini, huku kwetu Pwani, mbele ya vibao, nilimwona amekutana na jambo geni kabla hata ya swali la kwanza. Mtu mzima asiyemjua anamwuliza kitu ambacho ni dhahiri mtu mzima huyo anakijua. Kwa nini? Nyumbani mkubwa akikuuliza mbuzi wako wapi, ni kwamba hajui mbuzi wako wapi. Tena mtu huyo hasemi kama jibu ni sawa au si sawa, kwa kuwa kanuni za kipimo zinamkataza, na uso wake ameufunga. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hutulia, hutazama chini, na husubiri mambo yaeleweke. Saa inahesabu. Kwenye fomu kunaandikwa sifuri.

Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Zambia kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1979 utafiti ambao ningependa kila mpimaji aupitie. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao kila upande umeuchezea, walikuwa sawa. Sikuhitaji kwenda Lusaka kuuelewa. Nje ya ofisi yetu wavulana wale wale walioshindwa kunakili umbo la almasi kwa penseli walikuwa wakisukuma magari ya waya yenye ekseli, usukani unaogeuza matairi ya mbele, na magurudumu ya vifuniko vya chupa. Huyo aliyelitengeneza gari hilo alipanga kichwani umbo la pande tatu, akakadiria urefu wa waya, akarekebisha alipokosea. Huko Zambia walitengeneza pia kipimo cha mtoto kumfinyanga mtu kwa udongo, kinachoitwa Panga Muntu. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho, lakini nilianza kuweka waya kabatini, karibu na shanga. Mtoto akishughulika na waya, mabega yanashuka na ulimi unafunguka. Ukirudi kwenye kadi baada ya hapo, unapima mtoto mwingine.

Sisemi vipimo ni upuuzi. Nimewasikia wanaosema hivyo, na wengi wao hawajawahi kukaa na mama anayetaka kujua kwa nini mtoto wake wa miaka kumi bado hajui kuvaa shati. Ulemavu wa akili upo. Haukuletwa na Wazungu kwenye sanduku. Lakini hata vitabu vya waganga wa akili vya leo havikubali alama peke yake. Alama ikiwa chini ya 70 hivi, bado ni lazima uonyeshe kwamba mtoto anashindwa na maisha ya kila siku ya rika lake: kujilisha, kuelewana na watu, kushika pesa, kwenda na kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 tume ya rais wa Marekani ilitoa ripoti kuhusu watoto waliokuwa wapungufu kwa saa sita tu kwa siku, yaani saa za shule. Kengele ikilia walirudi mitaani wakawa watu kamili. Nami nilikuwa nao. Mmoja alishindwa na takriban kila kadi niliyomwonyesha. Jioni nikamkuta stendi ya matatu akiuza mahamri na viazi karai, anapokea noti ya mia, anarudisha chenji kwa watu watatu kwa mpigo, na anamkumbusha kondakta deni la juzi. Aliponiona akanificha macho. Kwake mimi nilikuwa mtu wa shule.

Nilipostaafu, kliniki moja ya binafsi Mombasa iliniomba nisaidie siku kadhaa kwa mwezi. Mwanasaikolojia wao alikuwa kijana msomi, mstaarabu, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha salamu, na kulikuwa na nyanya, wajomba na yaya ambao hakuna aliyekuwa akiwahoji. Nikaingia chumba chenye zulia na kiyoyozi. Pale mezani palikuwa na seti ya Wechsler, ile niliyoisoma vitabuni tu: vibao vyekundu na vyeupe, vijitabu, saa ya kusimamisha. David Wechsler alitoa kipimo chake cha kwanza cha watoto mwaka 1949. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilipatiwa viwango vyake kwa kuwapima watoto 2,200 wa Marekani wa miaka 6 hadi 16. Wastani umewekwa kuwa 100, na theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Ni chombo kizuri, kilichofanyiwa kazi kwa uangalifu, na kinajieleza wazi kwamba alama yake ina mtikisiko wa pointi kama tano au sita juu na chini. Mtikisiko huo ndio ambao hakuna mzazi aliyetaka kuusikia. "Nambari, Mwalimu. Nipe nambari." Baba mmoja aliichukua nambari ya mwanawe akaipiga picha kwa simu kabla sijaanza kueleza.

Mwanzoni nilifikiri nimeliepuka swali la Januari. Huku hakuna mwalimu mkuu, hakuna mini. Haikuchukua muda kuona kwamba swali limebadilisha nguo tu. Shuleni aliyeagiza tathmini alitaka mtoto aondoke. Hapa aliyeagiza ndiye aliyelipa, na aliyelipa hutaka bidhaa. Wengine walitaka karatasi ya kumpatia mtoto dakika za ziada kwenye mitihani ya kimataifa, na baadhi ya watoto hao walizihitaji kweli. Wengine walitaka kuthibitishiwa kwamba mtoto ana kipaji na shule ndiyo mbovu. Wengi walikuja wameshamaliza tathmini wenyewe kwenye simu: mtoto ana ADHD, tunaomba muiandike.

Kuhusu hiyo ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, nitasema jambo moja, kwa sababu lilinichosha. Dalili zake zinatakiwa zionekane zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Kuna madodoso, moja la mzazi na moja la mwalimu, na kazi ya mpimaji ni kuyalinganisha. Mimi niliongeza swali langu lisilo kwenye dodoso: analala saa ngapi? Basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akirudi kuna tuisheni, kuna madrasa, kuna kazi za nyumbani za kurasa na kurasa. Analala saa tano usiku. Mtoto wa miaka tisa anayelala kwa muda wa saa sita tu ni lazima atapapatika, atasahau, atalia kwa jambo dogo. Tuliwaomba wazazi kadhaa wamlaze mtoto mapema kwa mwezi mmoja kisha warudi tumpime. Baadhi hawakurudi, na nina hakika kwamba angalau wachache kati ya hao walikwenda kliniki nyingine iliyowaandikia walichotaka. Wapo pia waliorudi na mtoto aliyelala vya kutosha na bado hakuweza kukaa kwenye kiti. Hao tulijua tunazungumza kuhusu kitu kingine, na tukawatuma kwa daktari bila kusitasita.

Lakini kliniki ilinifundisha jambo ambalo kituo hakikuwahi kunipa muda wa kujifunza. Aliletwa mvulana wa akademi, Darasa la Sita, mcheshi, anayekueleza habari za mechi zote za wikendi kwa mpangilio. Kiingereza kilikuwa kinamtesa. Insha zake zilijaa maneno yaliyoandikwa kwa namna tatu tofauti katika ukurasa mmoja. Shule ilisema ni mvivu, kwa hoja iliyoonekana haina jibu: Kiswahili anasoma vizuri. Na kweli alisoma. Nilimpa kifungu, akakisoma bila kukosea hata neno. Ila nilikuwa nimebonyeza saa, na muda ulikwenda karibu mara mbili ya ule ningeutarajia kwa mtoto wa rika lake. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi atafika, hata akitambaa. Kiingereza hakimpi mtoto fadhila hiyo, kwa kuwa herufi zile zile husomwa hivi hapa na vile pale. Mtoto mwenye ugumu wa kusoma uliojengeka katika namna ubongo wake unavyoshughulikia sauti za maneno anaweza kuupita mtihani wa Kiswahili kwa kusota, mpaka afike Darasa la Nne au la Tano, vitabu vinenepe, na kusota kusimtoshe tena. Nikamwandikia maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili asiweze kubahatisha. Hapo alikwama waziwazi. Jasho likamtoka ndani ya kiyoyozi.

Nikaomba nyanya yake aitwe. Wazazi walishangaa, nyanya hajasoma, atatuambia nini? Alikuja na buibui lake, akaketi, akasikiliza, kisha akasema kwamba mtoto huyu anasoma kwa kidole kama mjombake. Mjomba yupi? Yule wa gereji, aliyeacha shule. Na babu mzaa mama naye, karani wa bandarini wa zamani, barua zake zilikuwa zikisomwa na mkewe. Ugumu huu hutembea katika koo, jambo hilo linajulikana. Mwanasaikolojia wetu alikuwa na alama zilizokaa safi kwenye jedwali, kipengele kimoja kikiwa chini na vingine juu, lakini ni nyanya aliyeifunga kesi. Baba mtu alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mjomba yule wa gereji naye hakuwa mjinga.

Watu huniuliza ni wapi pazuri zaidi kumpima mtoto, shuleni au kwa binafsi. Wanatarajia nitaje vifaa. Kituo chetu cha serikali kilikuwa hakina karibu chochote, na mtu mmoja alihudumia shule nyingi mno, na foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtoto aliyeandikiwa rufaa akiwa Darasa la Pili angeweza kuonwa akiwa la Tatu. Kliniki ilikuwa na kila kitu, na mtoto alipewa asubuhi nzima. Lakini katika kliniki sikuwahi kuliona darasa la mtoto hata mmoja. Tulimpima mbali na ubao unaong'aa kwa jua hata usisomeke, mbali na mwalimu anayepaza sauti, mbali na mwenzake anayemfinya chini ya dawati. Ningepewa kuchagua kati ya seti bora bila kuliona darasa, na chati ya E pamoja na nauli ya matatu kwenda kukaa nyuma ya darasa, ningechukua nauli. Wasomi watanipinga. Waje tukae wote nyuma ya darasa.

Na ripoti! Ile ya kliniki ilikuwa Kiingereza kitupu, kurasa kumi na kitu, majedwali, aya za kueleza kipimo ni nini. Mzazi aliiweka kwenye bahasha, nakala ikaenda shuleni, shule ikaiweka kwenye faili. Kuna mwalimu aliyeniambia kwa unyoofu kwamba alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Nikaanza kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuambatanisha: mtoto huyu ni hodari wa mambo haya, anakwama hapa, wewe mwalimu fanya haya matatu, usimtake asome kwa sauti mbele ya darasa bila kumpa kifungu jana yake. Huo ndio uliobandikwa ndani ya kabati la darasa. Baadhi ya walimu walinipigia simu kuniuliza kama yale matatu yanaweza kuwafaa watoto wengine pia. Yanaweza.

Siku hizi sera imebadilika. Ile ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasukuma watoto wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na mtaala wa umilisi una njia ya kwenda kwa hatua kwa wale wasioweza kufuata gredi. Barua za "ahamishwe" zimepungua, naambiwa, ingawa palipo na mtihani hapatakosa barua. Ijumaa naenda bado kwenye kituo changu cha zamani, kwa kujitolea, kuwasaidia vijana walioshika nafasi zetu.

Ijumaa moja, sarafu mpya za wanyama zikiwa zimeshaenea, alikuja mama anayefanya usafi kwenye hoteli, pamoja na mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Mtoto alizaliwa na hali ya Down, alishapimwa kliniki na shule kadhaa, na faili lake lilikuwa nene. Nikauliza anataka tupime nini tena. "Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja, Mwalimu. Nataka kujua kama anaweza kujipikia chai asijiunguze." Katika miaka yangu yote ya kazi hilo lilikuwa swali bora kabisa kuwahi kuletwa mezani kwangu, na hakuna kadi yake. Tukaazima jiko la gesi la ofisi. Tukavunja kazi vipande: maji kikombe na nusu, sufuria, kufungua, kuwasha, majani, kuzima, kusubiri, kumimina. Aliweza vyote isipokuwa kusubiri na kumimina. Ripoti nzima ilikuwa hiyo: afundishwe kusubiri kwa kuimba wimbo mmoja hadi mwisho, na achote kwa kikombe cha mkono badala ya kumimina.

Mama yule alirudi kabla ya tarehe tuliyompa. Chai ameshaishika, sasa kijana anataka atumwe dukani peke yake, maana wenzake wanatumwa. Tukaingia kwenye pesa. Nambari hazimkai, lakini wanyama anawajua wote, na sarafu hizi zilizotoka mwishoni mwa 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Mkate tulimfundisha kwa ndovu na simba. Tatizo ni kwamba sarafu za zamani zenye vichwa vya marais bado zinatumika, na mwenye duka akimrudishia hizo, kijana anazisukuma kurudi kwenye kaunta na kudai simba wake. Mama yake ameshaongea na mwenye duka.